Picha ya Mlangoni: Je, Kura ya Manyatta Ilifika Bomas?

*"Mwaka 2022 nilipiga kura katika shule ya msingi hapa Manyatta, Kisumu. Usiku, mwendo wa saa tano, nilirudi na shemeji yangu tukaipiga picha karatasi iliyobandikwa mlangoni: Raila 431, Ruto 9. Siku zilizofuata runinga moja ilisema Raila anaongoza, nyingine ikasema Ruto, kisha zote zikanyamaza. Tarehe 15 tukatangaziwa kwamba Ruto ameshinda, na papo hapo makamishna wanne wakasema matokeo hayo hawayatambui. Ile picha ningali nayo kwenye simu. Sasa kijana wangu ana miaka 19, kitambulisho anacho, lakini kujiandikisha hataki. Anasema rais huchaguliwa Bomas, kura zetu hubadilishwa njiani, na Baba Raila mwenyewe ameshaondoka. Mwaka 2017 alikuwa mtoto wa miaka kumi. Tulilala chini ya kitanda siku tatu. Nimwambie nini? Na 2027 nifunge duka kwa muda gani?"*

Mama, nitaanza na hiyo picha, kwa sababu nusu ya majibu unayo tayari ndani ya simu.

Karatasi mliyoipiga picha usiku ule inaitwa Fomu 34A. Watu wengi huichukulia kama tangazo la kutuliza mtaa, wakiamini matokeo yenyewe yanaandikwa Nairobi. Sheria inasema vingine: ile karatasi ndiyo matokeo. Tarehe 23 Juni 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua, katika kesi ya Maina Kiai na wenzake wawili, kwamba hesabu ikishatangazwa kule mashinani imekwisha. Bomas, ule ukumbi wa Nairobi, ni mahali pa kujumlisha na kulinganisha. Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, IEBC, akiona hitilafu ataieleza. Kuirekebisha kwa kalamu yake haruhusiwi, hiyo ni kazi ya mahakama.

Hata hivyo kijana wako hajazua jambo. Anachokisema amekirithi, na asili yake ni ya kweli.

Mimi ni mzaliwa wa Nakuru. Desemba 2007 nilikuwa mwanafunzi wa chuo, nimerudi nyumbani likizo. Kura zilipigwa tarehe 27. Tarehe 30 Kibaki akatangazwa mshindi kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Raila, na jioni hiyo hiyo akaapishwa Ikulu. Yaliyofuata nyinyi wa Kisumu mnayajua. Hapa kwetu, kabla msimu huo haujaisha, uwanja wa maonyesho ya kilimo ulikuwa umejaa mahema ya watu waliofukuzwa makwao. Nchini kote walikufa zaidi ya watu 1,100. Baadaye tume iliyoongozwa na jaji mstaafu wa Afrika Kusini, Johann Kriegler, ilichunguza ule uchaguzi ikasema takwimu zilikuwa zimechafuka kiasi kwamba haikuwezekana kujua nani alishinda. Rudia hapo, Mama. Haikusema Raila aliibiwa, wala haikusema Kibaki alishinda kwa haki. Ilisema haiwezekani kujua. Kwa nchi, sijui kama kuna jibu baya kuliko hilo. Wakati ule tarakimu zilisafiri kutoka vituoni hadi ukumbi wa KICC, na mtu kama wewe hakuwa na namna ya kulinganisha alichokiona mlangoni na kilichosomwa Nairobi.

Kwa hiyo yule mwizi wa njiani anayemwogopa kijana, mwaka 2007 alikuwa na njia ya kupita. Tutazame kama bado anayo.

Saa kumi na moja jioni kituo kinafungwa, na aliyekuwa tayari kwenye foleni hupiga kura yake. Kura za rais huhesabiwa kwanza. Msimamizi wa kituo huinua kila karatasi, huwaonyesha maajenti, huita jina. Ajenti asiyeridhika anaweza kudai zihesabiwe upya, lakini si zaidi ya mara mbili. Kisha msimamizi anaijaza 34A, anatia saini, na maajenti wanatia zao. Nakala huenda kwa maajenti, nakala hubandikwa mlangoni, na fomu hupigwa picha kwa mashine ya KIEMS, ile ile iliyokusoma kidole asubuhi, na picha hiyo hutumwa. Fomu yenyewe msimamizi huibeba hadi kituo cha kujumlishia kura cha eneo bunge. Huko 34A zote za eneo hilo huingizwa katika 34B, na 34B zote nchini huingizwa katika 34C kule Bomas, ambayo ndiyo husomwa na mwenyekiti.

Niliwahi kuwa msimamizi wa kituo, Machi 2013, kabla sijawa wakili. Nakumbuka saa nane za usiku: taa ya chemli juu ya dawati la darasa la tatu, tumbo tupu, ajenti mmoja amelala kifudifudi, mwingine ananidai kura moja iliyowekewa alama katikati ya mstari. Ukimwona msimamizi wa kituo asubuhi yake usimhukumu kwa mwandiko.

Mwaka 2022 tume iliziweka zile picha kwenye tovuti, karibu zote za vituo 46,229, na kila mwenye simu akaweza kuzipakua. Hapo ndipo picha yako ilipopata kazi. Ungefungua Kisumu, ukatafuta eneo bunge lako, shule yako, kisha ukaweka picha mbili bega kwa bega. Mimi nilifanya hivyo kwa vituo vinane vya hapa Nakuru ambavyo marafiki walinitumia picha za milangoni. Zote nane zililingana, hata moja ambayo tarakimu ilikuwa imekatwa na kuandikwa upya na saini pembeni. Ilikuwa imekatwa vivyo hivyo mlangoni. Vituo vinane havithibitishi nchi nzima, najua. Ila vinathibitisha kwamba njia ya kujua ipo, na mwaka 2007 haikuwepo.

Tahadhari moja hapa, maana imegombanisha watu wengi kwenye WhatsApp. Shule moja huwa na vituo kadhaa. Kituo kimoja hakipaswi kuzidi wapiga kura 700, kwa hiyo shule kubwa hugawanywa vyumba kwa herufi za majina, na kila chumba kina fomu yake. Karatasi huandikwa kituo cha 2 kati ya 5, cha 3 kati ya 5. Nimeletewa "ushahidi" wa wizi zaidi ya mara moja, picha mbili za shule moja zenye tarakimu tofauti, na kila mara ilikuwa ni vyumba viwili. Mletaji mmoja aliniudhikia sana nilipomwonyesha. Nafikiri alitaka kuibiwa.

Sasa runinga. Mwaka 2022 tume haikutoa jumla zinazopanda kila dakika. Ilitoa picha za fomu, ikawaachia vyombo vya habari kujumlisha wenyewe. Kila chombo kikaweka vijana wake kwenye kompyuta, na kila kimoja kikaanza kwingine. Chukua watu wawili wanaopakua lori moja la magunia pale Kibuye, mmoja mlango wa nyuma, mwingine ubavuni. Mmoja atakwambia lori hili ni mahindi, mwingine atakwambia ni maharagwe, na hakuna aliyedanganya. Chombo kilichoanza na Nyanza na Ukambani kilimwona Raila mbele, kilichoanza na Bonde la Ufa na Mlima Kenya kilimwona Ruto. Kunyamaza kwao siku za mwisho kuliwakosesha watu imani, nami nakubali kulikuwa kosa la taaluma: fomu zilikuwa hadharani, wangeendelea kujumlisha. Lakini jumla ya runinga, hata ikamilike, haina nguvu yoyote kisheria.

Makamishna wanne. Hili niliseme kwa uangalifu, maana lina pande mbili. Waliitisha wanahabari katika hoteli ya Serena huku mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, akijiandaa kutangaza Bomas, na kesho yake wakaeleza sababu. Moja ya sababu hizo ilikuwa kwamba asilimia za wagombea wote zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba ile 0.01 ni kama kura 142,000. Chukua kikokotoo chako cha dukani, Mama. Kura halali zilikuwa takriban 14,213,000. Asilimia moja ni 142,000. Asilimia 0.01 ni kura 1,420. Na hata hizo 1,420 hazikuwepo. Ruto alikuwa na 50.4899 ikaandikwa 50.49; Raila 48.849 ikaandikwa 48.85, Wajackoyah 0.436 ikawa 0.44, Mwaure 0.225 na chembe ikawa 0.23. Wote wanne walisogezwa juu kidogo, kama wewe unavyosogeza shilingi 49 na senti 90 kuwa 50. Ukisogeza juu mara nne, jumla itapita mia.

Upande wa pili wa hilo jambo una uzito. Tume yenye makamishna saba ambayo wanne wamejitenga na matokeo ni tume mgonjwa, na Mahakama ya Upeo haikuficha hilo: ilisema kukagua na kujumlisha ni kazi ya tume yote, haiwezi kuwa ya mwenyekiti peke yake. Ila ikauliza swali ambalo hata wewe ungeuliza: hao wanne wana karatasi gani inayoonyesha mshindi ni mwingine? Hawakuwa nayo. Raila alifungua kesi Agosti 22, ukaguzi wa masanduku na fomu ukaamriwa na kufanywa, na Septemba 5 majaji wote saba wakiongozwa na Martha Koome wakaitupilia mbali. Walisema tofauti kati ya fomu za tovutini na zile za karatasi hazikuwa za kubadilisha matokeo.

Mtu akikwambia mahakama zote ni za serikali, mkumbushe 2017. Septemba 1 mwaka huo majaji wanne kati ya sita waliosikiliza kesi, David Maraga akiwa Jaji Mkuu, walifuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani. Na angalia sababu yao, kwa kuwa ndiyo inayojibu swali lako. Tume ilikuwa imetiririsha tarakimu tupu kwenye runinga, wakati maelfu ya 34A zilikuwa bado hazijaonekana. Ilipoamriwa ifungue seva, haikufungua kama ilivyotakiwa. Yaani mahakama ilisema: tarakimu isiyo na karatasi ya mlangoni nyuma yake si matokeo. Ile tovuti ya 2022 ni mtoto wa hukumu hiyo.

Nimekueleza kwa nini njiani si rahisi tena kama zamani. Nisingekuwa mwaminifu nikiishia hapo, kwa sababu kuna mahali pengine palipo dhaifu, na hapazungumzwi kwa kuwa hapana Bomas ndani yake. Ni ndani ya chumba chenyewe.

Fomu ya mlangoni ni ya kweli kwa kadiri ya watu waliokuwa chumbani. Kituo kikiwa na maajenti wa pande zote, wote macho, wote na kalamu, ni vigumu sana kuandika uongo. Kituo kikiwa ngome ya mtu mmoja, na ajenti wa upande wa pili hakufika, au alikosa nauli, au alipewa soda na elfu moja akaenda nyumbani saa mbili, basi kilichoandikwa ndicho kitakachobandikwa, ndicho kitakachopigwa picha, ndicho kitakachojumlishwa Bomas bila kosa hata moja la hesabu. Na ajenti kukataa kutia saini peke yake hakufuti matokeo. Hili linahusu Bonde la Ufa na Mlima Kenya, na linahusu Nyanza vilevile. Katika kituo chako Ruto alipata 9. Ajenti wake alikuwepo? Alikaa hadi mwisho? Sisemi kulikuwa na ubaya wowote. Nasema swali ambalo Kisumu huwauliza watu wa Eldoret, watu wa Eldoret wana haki ya kuwauliza Kisumu. Vyama vyetu hutumia mamilioni kwa helikopta, kisha vinashindwa kumlipia ajenti chakula cha usiku mmoja. Kama ningekuwa mshauri wa mgombea yeyote, ningeuza helikopta ninunue ugali.

Turudi kwa kijana. Anasema kura moja ya Kisumu ni ya nini. Ruto alipata 7,176,141, Raila 6,942,930. Tofauti ni 233,211, karibu sawa kabisa na tofauti iliyotangazwa 2007, jambo ambalo kila nikilitazama hunitisha kidogo. Gawa kwa vituo 46,229. Ni kura tano kwa kituo.

Kuna hesabu nyembamba zaidi. Katiba inadai mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti zaidi ya nusu, yaani 24 kati ya 47. Mahakama ya Upeo ilishaamua tangu 2013 kwamba kura zilizokataliwa haziingii katika hesabu hiyo. Ruto aliivuka nusu kwa kura karibu 70,000. Kama watu 139,000 hivi waliobaki nyumbani wangejitokeza na kumpigia mwingine yeyote, asingefika nusu na tungeenda duru ya pili. Gawa tena kwa vituo: watu watatu kwa kituo. Walioandikishwa walikuwa milioni 22.1, na zaidi ya milioni saba hawakupiga kura. Naitoa hesabu hii bila kusema duru ya pili ingempa nani ushindi. Huenda Ruto angeshinda tena. Lakini hakuna asiyeweza kupata watu watatu katika ploti yake.

Kususia nako tumeshakujaribu. Oktoba 26, 2017 Raila alijiondoa katika marudio, na Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori hazikupiga kura. Walikuwa na sababu zao za kisiasa, siwalaumu. Matokeo? Uhuru alitangazwa na asilimia 98, na Novemba 20 Mahakama ya Upeo ikayathibitisha. Kiti hakibaki wazi kwa sababu mtu amesusa. Na siku hiyo ya Agosti kijana atapewa karatasi sita, ya rais ni moja tu. Diwani wa wadi yenu huweza kushinda kwa kura za kuhesabika, na ndiye atakayeulizwa kuhusu ile mitaro.

Kuhusu Baba, mimi simwombi kijana ajifanye hajaumia. Kisumu ilimlilia Oktoba 2025 kama mzazi, na kwa wengi wa kizazi chako kupiga kura kulikuwa ni kumpigia yeye. Kwa kijana wako, 2027 itakuwa mara ya kwanza, na jina hilo halitakuwa kwenye karatasi. Hiyo yaweza kuwa huzuni. Yaweza pia kuwa nafasi ya kuchagua bila kurithi. Mwachie mwenyewe; usimwambie ampigie nani.

Lakini nasoma swali lako tena, na kuna mstari mmoja umeupitisha haraka: tulilala chini ya kitanda siku tatu. Mama, sidhani kijana anapinga Fomu 34A. Nadhani anaogopa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu aliumwa akiwa na miaka kumi. Agosti ile mtoto wa miezi sita alipigwa na polisi ndani ya nyumba yao kule Nyalenda na akafa. Watoto wote wa Kisumu wa umri wa kijana wako walisikia wakubwa wakinong'ona habari hiyo. Kwake yeye uchaguzi ni sauti ya buti mlangoni. Sasa ukimjia na hesabu zangu za kura tano kwa kituo, utamshinda kwa hoja na hatajiandikisha.

Kaa naye kwanza umuulize anakumbuka nini kuhusu siku zile. Usimkatize, usimrekebishe tarehe. Akisema hakumbuki chochote huku mguu unatikisika, ngoja. Ikiwa habari za siasa humkosesha usingizi, au hutoka nje kila runinga ikitaja polisi, au ameanza kunywa kila mikutano ya kisiasa inapokaribia, hilo limepita kazi ya wakili. Mpeleke akaonane na mshauri nasaha ana kwa ana. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ni mahali pa kuanzia. Wala asihisi anapelekwa kwa wendawazimu. Huku Nakuru nawajua wanaume wa miaka hamsini ambao kila uchaguzi huhamishia watoto kijijini na hawajawahi kumwambia mtu kwa nini.

Akiwa tayari, ofisi ya IEBC ya eneo bunge lenu huandikisha watu. Baada ya Januari 2023 tume ilikaa miaka miwili na zaidi bila makamishna. Wapya, chini ya Erastus Ethekon, waliapishwa Julai 2025, na uandikishaji ukarejea mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Aende na kitambulisho halisi, nakala haikubaliwi, na asingoje miezi ya mwisho kwa kuwa daftari hufungwa kabla ya uchaguzi. Wewe mwenyewe, kama ulihama nyumba, thibitisha bado uko kwenye kituo unachokidhania. Na kama kijana ana KCSE, tume hutangaza kazi za muda za ukarani wa vituo. Atakaa ndani ya chumba kile usiku kucha akiona kila karatasi ikiinuliwa, na atalipwa. Sijui dawa nzuri kuliko hiyo ya kuamini au kutoamini.

Duka sasa. Uchaguzi ni Jumanne, Agosti 10, 2027. Tume ina siku saba za kutangaza, yaani mwisho Agosti 17. Atakayepinga ana siku saba tangu kutangazwa, mwisho Agosti 24. Mahakama ina siku 14 tangu kesi kufunguliwa, kwa hiyo hukumu haiwezi kupita Septemba 7. Asipopatikana wa zaidi ya nusu, duru ya pili lazima ifanyike ndani ya siku 30 za uchaguzi wa kwanza, mwisho Septemba 9. Mahakama ikifuta uchaguzi, marudio ni ndani ya siku 60, na hapo unaweza kujikuta Novemba mwanzoni ukiwa bado kwenye siasa.

Ukifunga kipindi hicho chote utakula mtaji. Binafsi ningefunga siku ya kura kwa sababu ni ya mapumziko, kisha ningeichunga siku ya kutangazwa na kesho yake, na siku ya hukumu. Mwaka 2022 unakumbuka: matairi Kondele usiku wa tarehe 15, kisha baada ya hukumu ya Septemba mambo hayakuwaka tena vile. Punguza mali dukani wiki ya kwanza ya Agosti, usikopeshe sana mwezi huo, na usilale na pesa taslimu dukani. Kama una bima, nenda kwa wakala wako sasa hivi, si Julai, umwambie akuonyeshe kwa kidole mahali palipoandikwa machafuko ya kisiasa. Bima nyingi za kawaida za duka hazigusi hayo. Kinga yake hununuliwa kando. Na ukiona mtu anagawa vikaratasi vya vitisho mtaani au anapanga vijana, usiingie mwenyewe: mwone chifu na kamati ya amani ya kata, na nenda na mwenzako.

Kuhusu picha ya 2022, itunze, lakini isikae kwenye simu pekee, iwe na nakala mahali pengine, maana simu za Kisumu zinajulikana zinavyopotea. Na 2027 mkirudi pale mlangoni usiku, wewe na kijana, hakikisheni pembe zote nne za karatasi zimeingia, namba ya kituo inasomeka, saini za maajenti zinaonekana, na idadi ya kura zilizokataliwa haijaachwa nje ya picha. Zimeni taa ya simu mkiona inang'aa juu ya karatasi. Afadhali mtu mwingine amulike kwa pembeni. Kisha pigeni ya pili. Ya kwanza huwa imetikisika.